Wimbo Hautoki

Katika mji wa Tarrance, Pennsylvania, hakuna mtu aliyeingia baa nyingi kwa wiki kuliko Dolores Hrivnak, na mwenyewe hakuwa akionja hata povu la bia. Alikuwa akibadilisha santuri. Kila baa na kila klabu kando ya mto Monongahela ilikuwa na mashine ya muziki ya kutumbukiza sarafu, na mashine hizo, arobaini na moja kwa idadi, zilikuwa chini ya mkono wake.

Kazi hiyo aliirithi kwa mumewe. Steve alipoangushwa na moyo mwaka 1961, mwenye kampuni, Bwana Ricci, alikuja msibani na maua mkononi na jicho kwenye funguo za gari. Dolores akamwambia, "Gari lina mafuta, na hapa sioni mwingine anayejua baa ipi inapenda nini. Jumanne nitakwenda mimi." Ricci akaacha maua, akaondoka bila funguo.

Ndani ya kila mashine, nyuma ya kioo, kila santuri ilikuwa na kigurudumu chake chenye namba. Wimbo ukipigwa, namba inapanda. Dolores alizisoma, akatoa santuri zilizododa, akatia mpya, kisha akarudisha vigurudumu vyote kwenye sifuri. Kwa kazi hiyo aliijua Tarrance kuliko padri. Watu hudanganya kuhusu wanachokipenda, hasa mbele za wenzao, lakini kigurudumu hakijui haya.

Asije mtu akadhani alikuwa mwanamke wa kuichukia nchi yake. Mwaka 1943, akiwa na miaka kumi na tisa, alisugua maganda ya makombora kiwandani, na saa ya chakula wenzake walimpandisha juu ya kreti awaimbie nyimbo za vita. Aliimba mpaka koo likakauka, na aliamini kila neno. Bendera aliitundika barazani kila asubuhi, na aliendelea kuitundika hata baada ya Februari ya mwaka 1970, wanajeshi wawili waliovaa nadhifu walipobisha mlangoni kumwambia kwamba Leonard, mtoto wake wa pekee, ameuawa Vietnam.

Barua ya mwisho ya Leonard ilifika siku tisa baada ya wale wawili. Ilikuwa fupi, imeandikwa kwa penseli. "Mama, kuna wimbo huku tunauimba sote, hata sajenti. Binti anamuuliza jenerali kama naye ana mtoto. Uweke ukumbini kwa baba mkubwa Emil, ausikie. Usibishane naye. Uweke tu."

Emil Hrivnak, kaka yake Steve, ndiye aliyekuwa kamanda wa ukumbi wa maveterani, askari wa zamani waliowahi kupigana vitani. Yeye ndiye aliyempakia Leonard kwenye gari lake akampeleka kujiandikisha jeshini. Hilo Dolores hakuwa amelisahau, na tangu mazishi walikuwa wakisalimiana kama watu waliokutana benki. Mwezi Aprili akautia ule wimbo katika mashine ya ukumbini, katikati ya muziki wa kucheza wa polka na nyimbo za bendera. Habari ya barua hakumwambia mtu.

Kisha Mei ikaingia, wanafunzi waliokuwa wakiandamana kupinga vita wakapigwa risasi na askari kule Ohio, na mji ukapasuka vipande viwili. Jumapili moja baada ya misa Emil akaja jikoni kwa Dolores, mikono ikinuka vanishi. Tangu Alhamisi alikuwa ameufunga ukumbi na kupaka sakafu peke yake. Hakutaka msaada wa mtu.

"Shemeji, ule wimbo utoke."

"Upi?"

"Usinifanye mtoto mdogo. Ule wa jenerali."

"Hautoki."

"Dolly, una nyota ya dhahabu ya mama wa shujaa. Wiki mbili zijazo kuna gwaride, unakaa mstari wa mbele. Watu watasemaje?"

"Watasema nimekaa mstari wa mbele."

"Unaitia aibu damu ya Leonard!"

Dolores aliacha kukanda unga wa pirogi, vile viandazi vya kujazwa viazi. "Taja hilo jina mara ya pili humu jikoni, Emil, uone kama hutatoka na unga usoni."

Emil alitoka bila unga, ila aliubamiza mlango. Kesho yake Ricci akapiga simu, sauti laini ajabu. "Dolly mama, mimi siasa sina, unanijua. Lakini ukumbi ukiniandikia malalamiko, maveterani wa bonde zima watafuata. Hapo sitaweza kukubakiza."

"Wameshaandika?"

"Wanapiga kura Jumamosi, saa nane mchana. Si uitoe tu hiyo santuri? Ni moja tu!"

"Mwanangu naye alikuwa mmoja tu," akasema, akakata simu.

Jumanne alifika ukumbini saa nne asubuhi. Pavlik, mhudumu wa kaunta, ndiyo kwanza alikuwa anafungua mlango tangu Alhamisi, na sakafu inang'aa. Dolores akafungua kioo cha mashine. Polka, sifuri. Bendera, sifuri. Vigurudumu vyote vilikuwa sifuri kama alivyoviacha wiki iliyopita, isipokuwa kimoja. Wimbo wa jenerali ulikuwa umepigwa mara thelathini na nane.

Alivuta stuli akakaa. Jumanne na Jumatano iliyopita ukumbi ulikuwa mtupu, wote walikuwa kwenye mazishi ya mzee mmoja mji wa pili. Kuanzia Alhamisi ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mtu mmoja.

"Mnafiki mkubwa we," akasema kwa sauti.

"Mimi?" Pavlik akashtuka.

"Si wewe. Endelea kupangusa."

Hasira ile alitembea nayo siku nne. Hakuwa mtakatifu, na mimi sitamfanya mtakatifu: aliifurahia. Aliona jinsi atakavyosimama mbele ya wanaume wote na kumvua Emil nguo kwa namba moja tu. Njia ya mwongo ni fupi, na safari hii mwisho wake alikuwa ameushika yeye.

Shida ilikuwa kwamba mkutano ulikuwa wa wanachama, na mwanamke hakuwa mwanachama. Lakini juu ya kaunta palikuwa na kengele ya shaba. Anayeingia ukumbini na kofia kichwani hupigiwa kengele hiyo, na sharti awanunulie wote waliomo raundi moja. Wanachama wapya walinaswa kila mwezi. Dolores, aliyeingia pale miaka tisa bila kunaswa, Jumamosi ile alivaa kofia yake ya kazi, akaivuta mpaka kwenye nyusi, akasukuma mlango.

Ngong! Gus Tomko, mwenye tumbo na mdomo, ndiye aliyeiwahi kengele. "Raundi! Raundi! Kumbe hata wakomunisti huwa wananunua!"

"Wape wote, Pavlik," Dolores akasema. "Umpe Gus kwanza. Anayekunywa bia ya mkomunisti, sijui naye tumwite nani."

Kicheko kikaenea. Glasi zikapita mkono kwa mkono, moja ikamfikia Emil pale mezani kwenye nyundo ya mwenyekiti.

"Shemeji, ahsante kwa bia," Emil akasema. "Sasa tuachie mkutano. Ni wa wanachama."

"Emil," Pavlik akaingilia, "utamtoaje mtu na bia yake umeishika?"

Emil alitazama glasi kama iliyomuuma. Dolores hakungoja ruhusa. Alikwenda kwenye mashine, akafungua kioo.

"Nasoma tangu Jumanne," akasema. "Polka ya harusi, hamsini na mbili. Ule wa bendera, wa jamaa anayewaambia wasioipenda nchi wafungashe virago, tisa. Wa jenerali, sitini na moja." Akageuka. "Mlango huu haupiti mtu asiye na kadi ya uanachama. Hakuna mwanafunzi aliyeingia humu, wala mwenye nywele ndefu. Ni nyinyi. Mnaupiga, halafu mnakaa kikao kuufukuza. Hamwoni haya?"

Gus alikuwa akichungulia ndani ya glasi yake.

"Mimi mara mbili tu," Gus akasema hatimaye, bila mzaha. "Au tano. Mwanangu yuko Da Nang, kule kule vitani."

"Hiyo mashine mbovu!" Emil akagonga nyundo. "Mbovu! Tupige kura."

"Kama ni mbovu, nina namba nyingine," Dolores akasema. "Ya wiki ile ukumbi ulipofungwa, sakafu ikipakwa vanishi." Hapo ndipo alipokuwa amepanga kuitamka kwa sauti ya juu. Akamtazama Emil, akaona uso wa Steve umezeeka. Hakumhurumia sana. Lakini aliuliza. "Niisome, shemeji, au utasema mwenyewe?"

Emil aliiweka nyundo mezani.

"Nitasema mwenyewe," akasema. "Ni mimi. Siku nne nilipaka sakafu, na siku zote nne niliupiga. Yule kijana nilimpeleka mimi, kwa gari langu. Njiani nikamnunulia mayai. Akaniuliza, baba mkubwa, vita vikoje? Na mimi ninayejua vilivyo, nikamwambia vitakufanya mwanamume." Akajifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Ndiyo maana nataka utoke. Siwezi kukaa nao chumba kimoja, na siwezi kuuacha."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini siku ile Dolores aliona kwamba upo na uchungu wa aliyempeleka, na ukweli huo haukumfurahisha hata kidogo.

"Leonard ndiye aliyeuomba," akasema. "Barua ya mwisho. Aliandika, uweke kwa baba mkubwa Emil, ausikie. Sikuuleta kukutesa. Nilitumwa." Akatoa ufunguo wa mashine, akamwekea mezani mbele yake. "Sasa unajua. Kama bado unataka utoke, utoe kwa mkono wako. Mimi sitautoa, hata Ricci akininyang'anya gari leo hii."

Emil aliutazama ule ufunguo. Hakuugusa.

"Wanaotaka wimbo utoke wanyooshe mkono," Pavlik akasema, ingawa hakuwa na cheo cha kuitisha kura. Hakuna mkono ulionyooka. Gus alikuwa ameikalia mikono yake.

Dolores akachukua ufunguo, akafunga kioo. Alikuwa amefika mlangoni Emil alipomwita.

"Dolly. Sasa tumeyamaliza, au vipi?"

"Sijakusamehe, Emil. Labda siku moja. Si leo."

"Basi nipe hiyo barua niisome. Mara moja tu."

"Barua ni yangu," Dolores akasema. "Wewe ulichoachiwa ni wimbo. Usikilize."