Edmundi Mfalme na Edmundi Askofu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikemewa kabla sijaketi. Nilikuwa binti niliyetoka tu chuo cha makatekista, kitambaa kichwani, katekisimu kwapani, najiona nimefika. Baba Paroko wetu wa wakati huo alikuwa padri mzee wa Kizungu aliyekaa Ngara hadi akajua kugombeza mbuzi kwa Kihangaza. Akanigeukia mbele ya watu wote.

"Skolastika, mama huyu anataka mwanawe abatizwe Ludoviko. Ludoviko yupi?"

Nikamjibu, "Ludoviko ni Ludoviko, Baba."

Loo! Jicho alilonitupia nalikumbuka mpaka leo. "Wako wawili," akasema. "Mmoja mfalme wa Wafaransa, mwingine askofu, na wote wa ukoo mmoja. Ukimpa mtoto jina bila kumwambia somo wake ni nani, umempa kibuyu kitupu. Nenda kasome, ndipo urudi."

Nikaenda kusoma. Aliniazima kitabu chake cha watakatifu, kizito kama tofali, nami nikakaa nacho mwezi mzima, usiku nikikifunika kwa kanga yangu kisipate vumbi.

Ninyi vijana mnaofundisha dini kwa simu, ngoja niwaeleze. Somo ni yule mtakatifu ambaye jina lake umebeba. Siku yake ndiyo sikukuu yako, na kwetu Kirushya haikupita hivihivi. Mama alipika ndizi na maharage, majirani wakaitwa, na mwenye siku alisimama kusimulia maisha ya somo wake kabla mtu yeyote hajanawa. Asiyejua kusimulia, chakula kilipoa watu wakimtazama. Nimeona mwanaume mzima, baba wa watoto sita, akitokwa jasho kwa sababu hajui kama Henriko wake ni yule kaisari wa Wajerumani au yule askofu aliyeuawa kule kwenye barafu. Watu wakamwambia, "Mzee, njaa inauma, chagua mmoja!"

Basi hiyo ndiyo ilikuwa sehemu ya kazi yangu niliyoipenda kuliko zote. Wazungu wa zama zile za kati hawakuwa na majina mengi. Mfalme Ludoviko, askofu Ludoviko. Kaisari Henriko, askofu Henriko. Tusiwacheke, maana majirani zetu Warundi nao kila penye mapacha utamkuta Bukuru na Butoyi. Mimi niliwatenganisha. Wakatekumeni, yaani wale wanaojiandaa kubatizwa, walikaa chini ya paa la kigango, kanisa letu dogo la mbali na parokia, nami nikawapa kila mmoja mtu wake, na alivyoishi na alivyokufa.

Nilifundisha Kirushya, wakanihamishia Murukulazo, kisha Ntobeye, na kote nilikwenda kwa baiskeli ya kiume ambayo wakwe zangu waliona ni aibu. Paroko wa pili alikuwa mzalendo, mtu wa saa. Alikuja kunikagua akanikuta katikati ya hadithi ya kaisari Henriko na mkewe. Akasema, "Katekista, hawa watu wanahitaji sakramenti, si hadithi za ikulu." Nikamwambia, "Baba, sakramenti watazipata. Lakini atakayeingia nazo duniani peke yake bila mwenzake, ataogopa." Akakohoa, akaketi nyuma, akasikiliza mpaka mwisho.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, maana nimelizunguka vya kutosha.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Leokadia. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni. Hapo Kirushya wakapewa jembe, kama tunavyosema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na wakalima mpaka wakawa wenyeji. Mimi na yeye tulishika mimba pamoja, na tukajifungua wiki moja ya mwezi wa Novemba, wote watoto wa kiume. Wangu niliishamchagulia jina tangu tumboni: Edmundi. Leokadia akaja na kichanga chake akasema, "Na wangu aitwe hivyo hivyo. Nataka wangu awe na ndugu hapa. Mimi sikuwa naye."

Tukampelekea Baba Paroko yule mzee. Akacheka mpaka miwani ikamwanguka. "Edmundi nao wako wawili! Mfalme ni tarehe ishirini, Askofu ni kumi na sita. Mgawane, mbinguni hawagombani."

Wangu akapewa Mfalme, wake akapewa Askofu. Nikamsimulia Leokadia habari za wote wawili. Edmundi Mfalme, maadui walivamia nchi yake kwa mashua, wakamtaka amkane Kristo, akakataa. Wakamfunga kwenye mti, wakamtoboa kwa mishale, wakamkata kichwa wakakitupa kichakani ili asizikwe mzima. Watu wake wakaingia porini wakiita, "Uko wapi?" Na kile kichwa kikaitikia, "Niko hapa, niko hapa," mpaka wakakifikia, wakakikuta kinalindwa na mbwa mwitu. Edmundi Askofu yeye alikosana na mfalme wa siku zake, Henriko mwingine kabisa huyo, wala si mtakatifu. Akavuka maji akaenda nchi ya watu, akafia huko, akazikwa huko.

Leokadia akamvuta mwanawe kifuani. Halafu akasema, "Mana yanje, Mungu wangu, Skolastika! Mtoto wa mkimbizi unampa aliyefia ugenini?"

"Na wangu je, aliyekatwa kichwa?"

Tukatazamana, tukacheka. Tulikuwa wasichana bado. Ndivyo tulivyocheka.

Wakakua. Kijiji chote kiliwaita Mfalme na Askofu. Mfalme wangu alikuwa mropokaji, hana siri, mwepesi wa kucheka. Askofu alikuwa kimya, mtu wa kufikiri. Mchezo wao ulikuwa mmoja, na watoto wote wa Kirushya waliucheza: mmoja anajificha migombani, wengine wanatafuta wakiita, "Mfalme, uko wapi?" Ni lazima aitikie, "Niko hapa!" Ndiyo sheria. Hata kama unajua watakukamata, ukiitwa unaitika. Mwanangu hakuweza kujificha hata dakika moja bila kucheka, na bado alitaka ajifiche yeye kila mara.

Mume wangu alipofariki, shamba likawa halitoshi. Vijana wakasikia habari za dhahabu kule Biharamulo. Nilikataa. Nililia, nikatishia, nikamtumia hata Paroko wa tatu azungumze naye. Mwanangu akanijibu kwa upole, "Mama, naenda na Askofu. Nani atapotea akiwa na askofu?" Wakaondoka wawili.

Walichimba katika duara, yaani shimo lile refu la wachimbaji wadogo, linaloshuka chini kisha linapinda kufuata mwamba. Kuta zake huzuiwa kwa matimba, magogo yanayokaza udongo. Matimba yakioza, ardhi inashuka. Haya nimejifunza baadaye. Laiti ningebaki mjinga.

Taarifa ililetwa na dereva wa lori la ndizi. Alishuka barabarani, akavua kofia, nikajua. Akasema, "Mama Katekista, duara limeshuka kule. Wanasema Edmundi wa Kirushya yuko chini."

"Edmundi yupi?" nikauliza.

"Hawakusema, mama. Walisema Edmundi."

Maisha yangu yote nilikuwa nawauliza watu swali hilo, nikiwasumbua nalo mbele ya chakula chao. Leokadia alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono ina unga.

Tulipiga simu zao, hazikupatikana. Tukapanda basi. Njia ile inapita katika msitu ambao zamani magari yalisindikizwa na polisi kwa ajili ya majambazi, na abiria walikuwa wakiongea kwa sauti kama kawaida, mtu ana kuku wake, mtu ana redio. Sisi tulikaa kiti kimoja, rozari mikononi, midomo inatembea. Tulipovuka Nyakahura Leokadia akaacha kusali.

"Skolastika," akasema, "nimeomba asiwe wangu. Unaelewa nilichoomba?"

Nikamwambia, "Naelewa. Na mimi nimeomba hivyo hivyo."

Hakukasirika, wala mimi sikukasirika. Akanishika mkono na hatukuachana mpaka tukafika. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na pale walikuwa wazazi wawili wenye uchungu mmoja, na kila mmoja anamsukumia mwenzake. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda siku ile, na nilikuwa namwombea msiba.

Tulikuta watu wengi wamezunguka shimo. Kando, juu ya kifusi, alikaa kijana mmoja amejaa vumbi kuanzia nywele hadi kucha, mweupe wote, macho mekundu. Hakuna ambaye angemtambua, si mama wa kumzaa. Wote walikuwa na urefu mmoja, mabega yaleyale. Tukasimama.

Kijana akainua kichwa. Akatutazama, kisha akanitazama mimi peke yangu.

"Shikamoo, Mama Katekista," akasema.

Mwanangu asingeniita hivyo.

Sikuitikia marahaba. Leokadia aliyekuwa karibu nami alitoa mlio, sijui ni wa furaha au wa kilio, halafu akajiziba mdomo kwa kanga, akaja kunikumbatia mimi kabla ya kumgusa mwanawe. Hilo sitalisahau hata kaburini.

Askofu akanieleza yote pale pale, kwa sababu niliagiza. Yeye alikuwa juu, anavuta kamba. Matimba yakavunjika, udongo ukashuka, mavumbi yakapanda. Wenzake walisema hakuna mtu hai mle, na kuchimba bila kujua upande ni kuangusha udongo zaidi. Yeye akalala kifudifudi pembeni ya shimo akaita kwa sauti yote, "Mfalme, uko wapi?"

"Akaitikia, mama. Akasema, 'Niko hapa.' Tena nadhani alicheka kidogo."

Wakajua upande. Wakachimba kwa sululu na mikono wakifuata sauti. Askofu anaita, Mfalme anaitika. Sauti ikawa inapungua. Mwisho Askofu akaita, akaita tena, na hakuna aliyejibu. Lakini walikuwa wameshajua alipo. Walimfikia tulipokuwa tukikaribia pale, naye hakuwa na pumzi, ila mwili ulikuwa mzima, hakuna kilichovunjika, mkono wake umeelekea juu. Wengi waliofukiwa na maduara hubaki humo milele. Mwanangu nilimleta nyumbani nikamzika migombani.

Nilimkasirikia Mungu, nasema wazi, na mkinitazama vibaya shauri lenu. Nilimkasirikia na yule Mfalme. Nilirudisha parokiani kitabu cha watakatifu, ambacho yule padri mzee aliniachia alipoondoka. Paroko wa nne, kijana kuliko mwanangu, akanifuata Ntobeye akaniambia, "Mama, pumzika mpaka utakapoweza." Nikamjibu, "Baba, nikipumzika nitafanya nini?" Nikaendelea kufundisha sala na amri, sakramenti na kipaimara. Wafalme niliwaacha. Walioniuliza somo wao ni nani niliwaelekeza kwa katekista mwingine.

Novemba ile ya kwanza, tarehe kumi na sita ilipita kimya. Askofu hakufanya sikukuu yake. Tarehe ishirini nilifunga mlango. Mchana nikasikia hodi. Leokadia ameleta sufuria la maharage kichwani, mwanawe amebeba ndizi, na nyuma yao majirani. Nikasema sina sikukuu hapa, mwenye siku hayupo. Leokadia akanipita akaweka sufuria chini. "Siku ipo," akasema.

Askofu, yule mtu wa kimya, akasimama akasimulia maisha ya Edmundi Mfalme, neno kwa neno kama nilivyowafundisha. Mashua, mti, mishale, kichaka. Watu wake wakaingia porini wakiita, "Uko wapi?"

Akakomea hapo. Hakuitikia kwa niaba ya Mfalme, na hakuna mtu mwingine aliyethubutu. Halafu Leokadia akaleta maji tukanawa.

Nimestaafu sasa. Walinipa kitenge na picha ya Moyo Mtakatifu, na Mkurugenzi wa Katekesi akaniomba neno kwa makatekista wapya. Nikasema, mtoto mwambieni ni yupi. Wakapiga makofi, sidhani kama walielewa. Leokadia naye ameshatangulia, na Askofu ana mvi. Hakurudi tena kwenye dhahabu, analima shamba lake na langu. Hadi leo kila tarehe ishirini anakuja, anasimulia, anakomea palepale. Na mimi, mzee mzima niliyemzika mwanangu kwa mikono yangu na ninayejua aliko, kila mwaka akisema "Uko wapi?" nageuka natazama migombani.

Halafu tunanawa.