Maji kwa Mkono wa Kushoto

Wajukuu zangu hapa Tunduma hutazama sinema wamelala chali, simu kifuani, kama wagonjwa wa wodini. Juzi mmoja akaniuliza, "Bibi, hivi kwa Mkristo sinema ni dhambi?" Nikamwambia inategemea umesimama upande gani wa shuka. Akawatazama wenzake, akadhani uzee umenipanda kichwani.

Haujanipanda popote. Shule yangu ni kisomo cha watu wazima, tena nilifundishwa na mwalimu mdogo kuliko kitinda mimba wa kwetu. Lakini jambo hili la sinema na Ukristo nalijua kuliko huyo mjukuu na vyeti vyake. Wakati ule nusura linikoseshe ubatizo wa mtoto wangu.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, tulipotolewa mabondeni na kupangwa kwa mistari kando ya barabara, nyumba na nyumba, kama mahindi. Mimi nilikuwa nimeolewa upande wa Ihanda, kwenye nyumba ya mkuu wa wazee wa kanisa. Mwenzangu anaolewa kwa mlevi, mimi niliolewa kwa baba mkwe ambaye akikupa mkono wa salamu anavuta pumzi kwanza, ajue kama jana ulikunywa pombe ya ulezi. Alikuwa mrefu, koti moja jeusi kiangazi na masika, na sauti ya kuitia ng'ombe walio ng'ambo ya mto.

Na mjue, kwetu mkwe wa kike hamkabili baba mkwe. Ukikutana naye njiani unaingia majanini, unapiga goti, unatazama vidole vyako vya miguu. Hamzungumzi uso kwa uso. Neno linapitishwa kwa mtu wa tatu, na mtu asipokuwepo linapitishwa kwa chochote kilichopo. Sisi tulikuwa na mbuzi mweupe pale uani. Baba mkwe akitaka maji ya kunawa anasema, "Mbuzi, muulize mama mtoto maji yako wapi." Nami najibu, "Mbuzi, mwambie baba yanachemka." Mbuzi anatafuna zake. Miaka miwili tuliishi hivyo, na hatukugombana hata siku moja.

Nilikuwa na binti wa miezi minne. Kabla yake nilizaa mtoto wa kiume, akaishi wiki mbili, akafa hajabatizwa. Alizikwa nyuma ya migomba bila mchungaji, na kengele ya kanisa haikupigwa. Huyu wa pili alikuwa amepangiwa ubatizo Jumapili ya mwisho wa mwezi, na kila akikohoa mimi nilikuwa naisikiliza ile Jumapili kama mtu anayesikiliza basi la mwisho.

Ndipo likaja gari la sinema la serikali.

Jumapili ya kabla yake baba mkwe alisimama kanisani akatangaza kuwa Mkristo yeyote atakayeketi mbele ya zile picha atatengwa. Kutengwa maana yake hukaribii meza ya Bwana, unakaa benchi la nyuma kama mwenye upele, na mtoto wako habatizwi mpaka urudishwe. Kurudishwa kulichukua miezi.

Mtaniuliza, basi kwa nini ulikwenda? Nilikwenda kwa sababu nilikuwa na miaka ishirini na nilitaka kuona. Mume wangu alikuwa amepeleka kahawa Vwawa. Baba mkwe alichukua fimbo baada ya chakula, akasema anakwenda kutazama ng'ombe. Alipopotea tu, mama mkwe akanichapa begani: "Mkwe wangu, nenda. Mimi magoti yananiuma. Uangalie vizuri, uje unisimulie yote. Ukirudi na nusu hadithi, usiingie ndani."

Pazia la lile gari lilikuwa limeliwa na panya. Wakaazima shuka la zahanati, jepesi, limefuliwa mpaka limechoka, wakalifunga kwenye nguzo mbili katikati ya kiwanja cha ofisi ya kijiji. Mbele tuliketi sisi, wenye dhambi kama arobaini. Nyuma ya shuka kulikuwa na shamba la kahawa, giza tupu.

Kwanza walituonyesha namna ya kupulizia kahawa dawa, tukapiga miayo. Kisha ikaja yenyewe. Watu wa kwenye picha walikuwa wakizungumza Kizungu cha puani, na mwenye gari, kijana wa pwani mwenye maringo, akawa anatufasiria kwa kipaza sauti. Nadhani naye hakukielewa. Mtu alisema maneno ya kujaza debe, yeye akatwambia, "Anakataa." Mwingine akatamka neno moja, yeye akaeleza mpaka akakauka koo.

Lakini hadithi ilieleweka. Mtu mwenye kofia kauliwa ndugu yake. Anamtafuta muuaji milimani, jangwani, farasi anachoka, yeye hachoki. Mwishowe anamkuta muuaji amevunjika mguu, amelala juani, midomo imepasuka kwa kiu. Mwenye kofia anatoa bastola. Anamtazama, anamtazama. Halafu anashusha bastola, anafungua chupa yake na kumpa maji. Mwanamke mmoja mwenye ndugu ng'ambo ya mpaka akamlilia mama yake kwa Kibemba, "Mayo!" Mimi nililia mpaka ubeleko ukalowa. Baadaye alimfunga kamba, akampakia kwenye farasi, akampeleka mahakamani.

Nikamsimulia mama mkwe yote, hata farasi nilimwigizia. Naye akalia.

Ijumaa tukaitwa kanisani, arobaini wote. Orodha haikuwa kazi kuipata, maana kisimani kila mtu alikuwa akisimulia. Ubatizo ulikuwa keshokutwa. Wanaume upande wao, wanawake upande wao, mimi karibu na nguzo ya katikati, mtoto mgongoni. Mchungaji wetu alikuwa mzee mwenye kikohozi, amekuja kwa baiskeli, suruali bado imebanwa kwa kibanio cha nguo. Akauliza kwa upole, "Kabla sijamtenga mtu, nielezeni mliona nini. Nisije nikasamehe jambo nisilolijua."

Kabla mtu hajafungua kinywa baba mkwe akasimama.

"Mchungaji, sinema ile inafundisha dharau! Mgonjwa anakufa kwa kiu, na yule mwenye kofia anampa maji kwa mkono wa kushoto. Wa kushoto! Hata mbwa humtupii hivyo. Ndiyo upendo huo? Kesho watoto wetu watatupa ugali kwa kushoto, watatusalimu kwa kushoto, na nani atawakanya?"

Kanisa likavuma. Mwanamume mmoja wa kule nyuma akasema, "Samahani, mzee. Alimpa kwa kulia."

"Kwa kushoto!"

"Kulia, mzee. Kushoto aliegemea jiwe."

"Kulia ndiko kulikokuwa na jiwe! Mnataka kunifundisha mkono?"

"Kulia!" wakaitikia watu kama kwaya.

Mchungaji akakohoa, akafuta mdomo. "Mzee wangu, wewe umejuaje?"

"Nimeambiwa."

"Na nani?"

"Na watu."

"Watu gani? Walioona ni hawa, na hawa wote wanasema kulia."

Baba mkwe akarekebisha kola ya koti. "Watu wengine," akasema.

Hapo ndipo kichwa changu kilipopata moto. Nilikuwa nimejifunza kusoma kwa miezi saba, na mwenye kujifunza kusoma ukubwani husoma kila kitu: pakiti ya sabuni, gunia la mbolea, kanga kwenye kamba. Na kanga kwenye kamba nilikuwa nimekwisha gombana nazo. Ukisimama upande wa nyuma, jua likipenya, maneno yanakwenda kinyumenyume na herufi zimegeuza migongo. Nikaona shuka la zahanati. Nikaona shamba la kahawa. Nikaona mzee na fimbo yake akienda kutazama ng'ombe.

Mungu wangu. Nikinyamaza, mwanangu habatizwi. Nikisema, nimemvua baba mkwe nguo mbele ya kanisa. Mtoto akakohoa mgongoni, kikohozi kidogo tu.

Nikaigeukia nguzo.

"Nguzo," nikasema, "mwambie mchungaji kuna mahali mtu akisimama, kulia kunakuwa kushoto."

Baba mkwe naye akaikodolea macho nguzo. "Nguzo, mwambie mke wa mwanangu wanawake hawajapewa nafasi."

"Nguzo, mwambie baba nimenyamaza tangu siku ya sinema. Mjukuu wake hana Jumapili nyingine."

Mchungaji akasogea mbele, macho yanang'aa. "Nguzo," akasema, "mwambie huyo mama aendelee."

Nikavua kanga niliyojitanda, nikawapa wanawake wawili wainyooshe mlangoni, maandishi yatazame nje, jua la alasiri nyuma yake. "Nguzo, mwombe baba aisome." Na baba mkwe alikuwa msomaji! Sura nzima ya Biblia aliimaliza kwa pumzi tatu. Akasogea, akakunja uso.

"A… iza… Aizapa… anaya…" Akatugeukia. "Hiki ni Kibemba?"

"Igeuzeni," mchungaji akasema.

Wakaigeuza. Naapa sikuichagua, ndiyo niliyokuwa nimejitanda asubuhi. Iliandikwa MACHO HAYANA PAZIA.

Aliyeanza kucheka ni mama mkwe, aliyekuja kusikiliza kesi. Alianza taratibu, kama sufuria ya maharage, halafu ikafurika. "Baba watoto," akasema kutoka upande wa wanawake, "na ng'ombe je? Si ulikwenda kutazama ng'ombe?"

"Nilipitia," akasema baba mkwe.

"Kwenye kahawa ya kijiji? Ng'ombe wetu wanalala kule bondeni!"

"Neno limekataza *kuketi* pamoja na wenye mizaha," akasema, amejinyoosha kama mlingoti. "Mimi sikuketi. Nilisimama. Tangu mwanzo mpaka mwisho nilisimama!"

Watu walianguka juu ya mabenchi. Mchungaji alikohoa mpaka akaletewa maji, na aliyemletea, Mungu anisamehe, akasita katikati ya njia akitafakari atoe mkono upi.

Kicheko kilipokwisha nilimwona baba mkwe. Alikuwa ameketi, mikono juu ya fimbo, anatazama sakafu. Nikatamani kanga yangu iungue.

Lakini yule mchungaji alikuwa na akili. Hakumsema. Alimuuliza tu, kama mtu anavyomuuliza mwenye ujuzi, "Mzee, tuache mkono. Baada ya maji, ulionaje?"

Baba mkwe akainua kichwa polepole. "Baada ya maji alimfunga kamba," akasema. "Hapo mimi sikuelewa. Msamaha gani una kamba?"

"Kumsamehe fisi si kumfungulia zizi," akajibu yule wa nyuma.

"Basi ana tofauti gani na polisi?"

"Polisi angempa maji?" mwanamke mmoja akauliza, kanisa likacheka tena, na safari hii baba mkwe naye akacheka puani.

Tukabishana mpaka jua likashuka. Kama alimpa maji kwa huruma, au ili muuaji asife kabla ya hukumu. Kama yule muuaji alitubu, maana mwenye gari alitufasiria "Asante" na mdomo wake ulikwenda kwa muda mrefu sana. Bibi mmoja alikuwa na lake moja tu: mbona aliingia nyumba ya watu bila kuvua kofia? Nimesikiliza mahubiri ya miaka hamsini tangu hapo, na bado lile la maji na kamba halijatoka kichwani mwangu. Mimi naona alifanya sawa. Maji kwanza, kamba baadaye.

Mwishowe mchungaji akafunga daftari lake. "Nikiwatenga waliokaa, nitamtenga na aliyesimama. Hakuna anayetengwa. Lakini gari likija tena mtakaa wote upande mmoja, na Jumapili mtaniambia mlichoona." Na ndivyo ilivyokuwa miaka yote iliyofuata. Msemaji mkuu, mnamjua. Alibeba kigoda chake mwenyewe na kukiweka safu ya kwanza.

Jumamosi, lakini, nyumba ilikuwa baridi. Baba mkwe hakusema neno. Nilifua, nikapika, nikapiga magoti mpaka yakachubuka. Nilijua anaweza bado kuukataa ubatizo wa nyumbani kwake, wala hakuna ambaye angemuuliza. Jioni nikiwa jikoni nikamsikia uani akikohoa. Nikasimamisha mwiko.

"Mbuzi," akasema, "mwambie mama mtoto kesho amvike sweta. Maji ya kanisani ni ya baridi."

Nikauacha mwiko chunguni, nikaenda kulitafuta sweta.

Kesho yake kengele ikapigwa. Kazi ya mkuu wa wazee ni kumshikia mchungaji bakuli la maji ya ubatizo. Alipoinuka kwenda kulichukua, kanisa zima lilinyoosha shingo kuona atalishika kwa mkono upi, na mama mkwe akanifinya paja. Akalishika kwa yote miwili. Akalibana kifuani, na kabla ya kutusogelea mimi na mtoto akageuka kidogo, taratibu, bakuli mbele, hata waliokaa nyuma yake wapate kuona.