Mama Mara Tatu

Nasimiyu hakuwa mwalimu wa kubembeleza mtu, na asiyelijua hilo alilijua Jumamosi yake ya kwanza. Darasa lake la uandishi wa ubunifu lilikuwa ghorofa ya juu ya jengo kuukuu karibu na River Road, Nairobi, juu ya mafundi wa cherehani, na utaratibu wake ulikuwa mmoja tu. Mwanafunzi anasimama, anasoma shairi lake. Nasimiyu ameketi na kijiko mkononi. Akisikia neno la uongo, anagonga meza, na msomaji anaketi, hata kama ndiyo kwanza amefika mstari wa pili, hata kama shairi ni la harusi ya dada yake. Ukigongewa umegongewa. Wapo waliohudhuria mwaka mzima bila kuuona ubeti wa mwisho, na bado walilipa karo, maskini, wakijisifu kwamba madam wao ni moto wa kuotea mbali.

Ukali huo hakuuokota njiani. Alitoka Bungoma na alama zake nzuri, akafundisha Kiswahili shule ya upili miaka mingi, kisha akatoa diwani ya mashairi huru. Wahakiki waliisifu wakisema haina chozi hata moja. Kwao, Nasimiyu ni jina la msichana aliyezaliwa kiangazi, na jamaa zake waliosoma walimtania kwamba ukame alizaliwa nao. Alicheka nao, tena alifurahi. Hakuolewa, hakuzaa, alijenga jina.

Mtu mmoja tu jina hilo halikumwingia, naye ni mama yake mzazi.

Mama huyo, Rasoa, aliletwa Nairobi na ugonjwa wa sukari. Macho yalikuwa yamekwisha, figo nazo zilikuwa njiani, na Nasimiyu akampa chumba cha mbele katika nyumba yake mtaani Satellite, kile kinachopata jua. Kliniki, dawa, mboga zisizo na chumvi, kumwogesha, yote alimfanyia, hakuna wa kumnyooshea kidole. Yeye alikuwa na haja moja: mama asikie shairi lake, lolote, na limguse. Tangu utotoni alimsomea, na tangu utotoni jibu lilikuwa lile lile.

"Ni zuri, mwanangu. Umekula?"

Umekula! Mtu amepewa tuzo, amealikwa kusoma katika nchi za watu, anarudi nyumbani kuulizwa habari za ugali.

Sasa alijua kwamba siku zinayoyoma. Akatunga shairi la mama. Alilichonga msimu mzima wa mvua, akikata, akikata tena, mpaka ikabaki mistari michache mikavu ambayo hata yeye aliiogopa kwa uzuri wake. Akaketi kitandani, akamsomea. Mama alingoja kidogo, kisha akageuza kichwa upande wa sauti.

"Limeisha?"

Ndipo akaja mwanafunzi wake mmoja, Kuria. Kuria alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Kinoo, mtu wa misumari na mabati, mpole, aliyekuwa amemzika mama yake si zamani. Alitunga kwa kuhesabu mizani kama mtoto wa shule anayejiandaa kwa mashindano, na Nasimiyu alikuwa amemgongea kila Jumamosi tangu ajiunge. Siku moja alipeleka tangi la maji kwa mteja kule Satellite, akaona apitie kwa mwalimu kumsalimia. Nasimiyu akaenda jikoni kuchemsha chai, akamwacha na mama.

"Shosho, umeamkaje?" Kuria alimwita shosho, vile anavyomwita nyanya yake.

"Nimeamka hivi hivi. Wewe nawe ni wa hayo mambo ya mashairi?"

"Najaribu tu, shosho."

"Hebu jaribu nisikie."

Nasimiyu aliisikia sauti kutoka jikoni, akatabasamu kwa dharau huku akitia majani ya chai.

*Jiko lako limezima, majivu yamebakia,*
*mama njoo, mama rudi, mama nishike mkono.*

Alipotoka na sinia alimkuta mama yake analia. Si kulengwalengwa na machozi, analia kabisa, leso usoni, na mkono wa muuza misumari ameukamata haswa.

"Rudia," mama alisema. "Rudia hapo pa kushika mkono."

Tangu siku hiyo Kuria akawa mgeni wa nyumba. Siku ya kuja kwake mama aliomba kilemba kisafi tangu asubuhi. Haukupita muda, alikuwa ameshalishika shairi lote kichwani, wakawa wanalisema pamoja kama wimbo wa kanisani, na Nasimiyu yuko mlangoni na sinia yake. Ilimuuma, acha tu! Wivu wa mtu mzima ni aibu, na aibu ikikosa pa kwenda hutafuta wa kumwangukia.

Jumamosi iliyofuata alimsimamisha Kuria, akamtaka asome shairi hilo hilo. Kijiko hakikugonga. Kuria alisoma mpaka mwisho, mara yake ya kwanza, akatazama huku na huku akitabasamu kwa furaha. Hapo Nasimiyu akakiweka kijiko mezani polepole.

"Jacklyne, umehesabu mama wangapi?"

"Mama tatu, madam," Jacklyne alijibu kutoka kiti cha mbele. "Kwa line moja tu."

"Hili ni darasa au ni kliniki ya watoto?"

Wakacheka, na kicheko kikampa nguvu. Akalipasua shairi mstari kwa mstari. Jiko ni la kila mtu, akasema, na majivu ni ya kila asiyekuwa na la kusema. Kuria alibaki wima, na mtu yeyote mwenye moyo angeishia hapo. Nasimiyu hakuishia hapo.

"Kuria, mamako alikufa mara moja. Wewe unamuua kila Jumamosi."

Hakuna aliyecheka. Kuria alikunja karatasi yake, akasema, "Asante, madam," kwa adabu zote, akashuka ngazi. Darasani hakurudi, na Satellite hakukanyaga tena.

"Yule kijana wa Kinoo yuko wapi?" mama aliuliza.

"Kazi zimemzidi, mama."

"Mpigie."

"Hashiki simu."

Uongo mtupu. Hakumpigia hata siku moja. Mama aliendelea kuomba kilemba kisafi, akivalishwa anakaa ameelekeza sikio mlangoni, na Nasimiyu anapita mbele yake akimtazama. Iliendelea hivyo mpaka madaktari wa kliniki wakasema mgonjwa asiletwe tena, apumzike nyumbani, na kila mtu mzima anajua maana ya maneno hayo.

Jumapili moja baada ya watu wa kanisa kuomba na kuondoka, mama alimwita.

"Kama haji, nisomee wewe. Lile lake."

Nasimiyu alilijua lote, maana huwezi kukichana kitu namna ile usikijue. Akaketi, akaushika mkono wa mama, akaanza. Aliposema jiko limezima, kope za mama zilianza kulowa. Lakini mazoea, jamani! Alipofika pale pa mama watatu ulimi wake ulijikatia wenyewe. Akasema, "Mama rudi," akaingia ubeti unaofuata.

"Hapana," mama alisema. "Umeruka."

"Nimefupisha tu, mama."

"Kwani ni mama yako aliyekufa? Sema alivyosema mwenyewe."

Akarudia. Mama njoo, mama rudi. Alipofika mama wa tatu sauti ilimkatika, akalia kama mtoto, mtu ambaye hakuwa amelia tangu kumzika baba yake. Mama aliacha kulia. Alitulia akamsikiliza.

"Ulimfukuza," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Nilijua. Mimi ni kipofu, si mjinga." Alipumzika kidogo, pumzi zilikuwa kidogo. "Nilikuwa nimepata mtu wa kunililia."

"Mimi nitakulilia, mama. Mimi mwenyewe nitakulilia."

"Wewe?" mama alisema, akauchomoa mkono wake, akaurudisha chini ya blanketi. "Wewe utanifupisha."