Moshi wa Manyoya Nyumbani kwa Anastasie

Kumekucha Ngezi, mtaa wa mji wa Bunia, mashariki mwa Kongo, na Anastasie anapeta karanga alizokaanga. Anarusha ungo, anapuliza, na maganda mekundu yanamrukia usoni na kwenye kilemba. Hajali. Kabla majirani hawajamaliza kusalimiana, mchi wake unadunda kinuni.

Kazi yake ndiyo hiyo: kusaga karanga na kuziuza sokoni kwa kijiko. Zinazobaki ndizo mboga ya nyumbani. Leo zinakwenda na biringanya, lengalenga, yaani mchicha, na uyoga mkavu uliolowekwa. Anazikoroga kwanza na maji ya vuguvugu, halafu anazimimina polepole, maana ukizitupa hivi hivi zinagandana na kuungua chini. Kisha anangoja mafuta yapande yenyewe. Mchuzi unakuwa mzito, mwiko unasimama.

"Batu banasema ni chakula ya maskini," anasema bila kuinua macho. "Ni kweli. Lakini hapa hakuna mutu analala na njaa."

Nyama haimo. Haijaingia sufuria hii tangu mapigano ya Mei mwaka huu wa 2003, wenye bunduki walipopita wakabeba kuku, mbuzi, hata mabati ya jiko. Ukimtajia kuku, mama huyu wa miaka hamsini na miwili anajifunika mdomo kwa ncha ya kitenge. Aibu, aibu tupu!

Yote yalianza siku Mzee Evariste alipobisha hodi bila taarifa, akitoka Mahagi-Port, kwenye Ziwa Albert. Mtoto wake Delphin ndiye aliyemwoa Mireille, binti wa Anastasie. "Bote bako bazima, banakusalimia," mzee akasema, akaketi barazani.

Sasa, kwao mkwe halishwi majani. Mkwe anachinjiwa kuku, na firigisi inatua kwenye sahani yake, si ya mwingine. Ukimnyima, umemwambia mtoto wake hakuoa kwa watu.

"Nilisikia haya mingi, nikataka udongo inimeze," Anastasie anakumbuka.

Akafanya nini? Akapasua mto wake wa kulalia, akatoa manyoya ya kuku, akayatupa motoni upande upepo unakotokea. Harufu ya kuku anayebabuliwa ikamfikia mzee pale barazani. Huku nyuma Anastasie akapika karanga zake, uongo ukiwa tayari mdomoni.

Sufuria ilipofika mezani, akausema. "Bokilo," akaanza, kwa jina wanaloitana wakwe, "unisamehe. Kuku nilichinja, lakini mbwa ya jirani imeiiba jikoni."

Mzee akamtazama. "Mbwa gani, mama? Tangu niingie Ngezi sijasikia hata moja inalia."

Lo! Alikuwa amesahau. Mbwa wa mtaa walimalizwa kwa risasi Mei ileile. Hapakuwa na mbwa wa kusingizia.

Mzee akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kicheko kikaisha, machozi yakaendelea. "Miye pia nimekudanganya," akasema.

Kumbe nyumba yao ya Mahagi-Port ilikuwa imechomwa. Mireille, Delphin na watoto watatu walikuwa wameketi karibu na soko, na mafurushi yao, wakimngoja. Mzee alitangulia ili apime kama pana nafasi.

"Niliposikia harufu ya kuku, nikasema: huyu mama anachinja kuku yake ya mwisho sababu ya miye. Namuambia namna gani kama kuko midomo ingine tano inje? Nilitaka nikule, niage, niende nabo mbele."

Anastasie hakungoja zaidi. Alikimbia mpaka sokoni peku, mwiko mkononi.

"Karibu nimufukuze mutoto yangu na moshi ya manyoya," anasema. "Alinikumbatia, anasema: mama, unanuka kuku. Mpaka leo hajui kama ni manyoya."

Anaambiwa kwamba Mireille atayajua akisoma gazeti hili. Anatikisa kichwa kukubali. "Andika. Miye mwenyewe mudomo inakataa."

Sasa, pamoja na jamaa wanne aliokuwa akiishi nao, wamo watu kumi na mmoja katika vyumba viwili, na Mireille anasaidia kutwanga. Mzee Evariste anaongezewa mchuzi kila mara, bila kuomba.

Lakini bado liko jambo moja linalomsumbua Anastasie. Dada yake Joséphine, mjane, alituma ujumbe kutoka Nia-Nia akiuliza kama anaweza kuja, na Anastasie hakujibu. Nyumbani alisingizia hali ya barabara. Ukweli ni kwamba hakutaka dada mkubwa akute sufuria isiyo na nyama.

Leo dereva wa lori la kwenda huko anapita kuchukua karanga za njiani. Anastasie anaacha mchi, anamfuata mpaka barabarani.

"Ukimuona Joséphine, umuambie hivi," anasema. "Iko karanga tu. Nyama hakuna. Akuye kwetu."