Msusi Aliyesahau Njaa

Wateja walimwita Mstari, kwa sababu nywele alizosuka zilinyooka kama zimepigwa rula. Ukikaa kwenye kiti chake, ujue umekaa. Mstari mmoja ukienda upande, anafumua kichwa kizima na kuanza upya, ulalamike usilalamike. Ndivyo alivyokuwa tangu utotoni: mtoto wa kufuta daftari mpaka karatasi itoboke, asiyejisamehe hata kumwaga maji.

Ukali huo akaugeuzia mwili wake. Aliacha sukari, akaacha mkate, mwisho akaacha na chakula cha mchana. Saluni alisema ameshakula nyumbani. Nyumbani, ameshakula kazini. Mashoga zake wakamsifu, "Umependeza!" Akashiba sifa. Hedhi ilikoma, baridi ikamkaa mifupani, na bado kiooni alimwona mtu mnene.

Siku moja alianguka akiwa anasuka, kitana mkononi. Mama yake mdogo, mwenye saluni, alimwinua akashtuka: mwepesi kama kapu tupu! Kilemba cha Mstari kikamvuka. Nywele za msusi mwenyewe zilikuwa zimenyonyoka mabaka mabaka.

"Mwanangu, unanifia huku nakuangalia?"

"Siumwi, mama. Najitunza tu."

"Kama huku ndiko kujitunza, adui yako ungemfanyaje?"

Mstari alilia, na kesho yake wakaongozana hospitali.

Mshauri aliyempokea, mwanamke mcheshi, hakumkemea.

"Wewe ni mkaidi?" alimuuliza.

"Sana."

"Vizuri. Ukaidi wako si ugonjwa, ila ugonjwa umeuteka. Tutaukomboa."

Haikuwa rahisi. Kuna siku alisukuma sahani, akamnunia mama mdogo hadi jioni. Mama mdogo naye alijifunza kula pembeni yake bila kumchungulia mdomoni, akizungumza habari za majirani. Lakini Mstari hakukosa kwenda kwa mshauri, hata mvua inyeshe vipi. Taratibu akaacha kujiadhibu kila alipoteleza.

Jumamosi moja mchana, saluni imejaa na wasusi wenzake wakipakua chakula pembeni, aliacha kusuka ghafla, akajishika tumbo.

"Jamani," alisema kwa mshangao, "nina njaa."

Mama mdogo akazima kikaushio. "Umesemaje?"

"Nina njaa. Na yai mniwekee."

Mteja aliyekuwa kitini, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imetimka, akamsukuma kwa kiwiko. "Nenda kale, binti. Mimi sina haraka."

Mstari akanawa mikono, akaenda kukaa na wenzake.