Toleo la Zambia

Niliporudi Likasi, mji wetu wa migodi huko Katanga, mwanzoni mwa miaka ya tisini, watu wenye uwezo walikuwa wanaondoka. Mimi nilirudi. Nilirudi na diploma ya umeme niliyoipata Ubelgiji kwa jasho langu, nikiosha vyombo vya mkahawa kabla ya masomo na baada ya masomo, bila mjomba wa kunisaidia wala serikali ya kunikumbuka. Katika mtaa wetu wa Kikula hakuna aliyekuwa na karatasi kama ile, nami sikumficha mtu. Niliitundika sebuleni, mahali ambapo mgeni akikaa lazima aione.

Chini ya diploma nilipanga santuri zangu. Zilikuwa sita, zote za kundi moja la Wazungu wanne waliovuma tulipokuwa wadogo, ambao nyimbo zao zilipigwa katika kila arusi ya wafanyakazi wa mgodi. Asiyejua angedhani nina santuri moja mara sita. Ukweli ni kwamba katika kila nchi kampuni ya muziki ilichagua nyimbo ilizodhani zitawapendeza watu wake, ikazipanga itakavyo na kutengeneza jalada lake. Toleo la Ubelgiji lilianza na nyimbo za polepole. La Ureno lilikuwa na wimbo mmoja ulioimbwa upya kwa Kireno kibovu. La Kenya liliweka nyimbo zote za kucheza upande wa kwanza, na la Afrika Kusini lilikuwa na picha iliyowakata wote wanne miguu. Nilikuwa pia na la Ufaransa na la Ujerumani. Ungenifunga macho, ningekutajia nchi kabla mwimbaji hajafungua kinywa.

Lilikosekana moja, la Zambia. Nilikuwa nimesikia lina wimbo wa kumi na tatu usiopatikana kwingine kokote. Na kilichonichoma ni kwamba santuri ya Ureno niliipata, lakini hii ya jirani, ya hapo ng'ambo ya mpaka tu, sikuwahi hata kuiona.

Kampuni ya mgodi ilikuwa imenipa ofisi yenye meza na isiyo na kazi. Mitambo ilisimama mmoja baada ya mwingine, mgao wa unga ukakatika, mishahara ikawa ya kukisia. Sikuweza kukaa. Nikikaa nasimama, nikisimama natoka. Nilikwenda Kapolowe kwa sababu mtu alisema kuna santuri katika ghala la misheni; nikakuta santuri za nyimbo za kanisa na kuku ameatamia juu yake. Nilikwenda Kasumbalesa mara mbili, mpakani, na wachuuzi wakaniuzia sabuni.

"Weye unatafuta diski," mke wangu aliniambia, "benzako banatafuta unga."

Halafu siku moja nikaiona sokoni Kikula. Yaani niliona jalada. Mama mmoja muuza mahindi ya kuchoma alikuwa analipepea juu ya mbabula yake, jiko la mkaa, na makaa yakiwaka vizuri kabisa.

"Mama, hii ulipata wapi?"

"Mahindi ao pepeo?"

"Pepeo."

Akawageukia wenzake. "Bamama, mukuye muone! Papa wa diploma anataka kupepea!"

Wakacheka mpaka mmoja akaweka chini beseni lake la mihogo. Sikujali. Pembe moja ya jalada ilikuwa imeungua, lakini chini kabisa iliandikwa kwamba santuri ilitengenezwa Ndola kwa ajili ya kuuzwa Zambia peke yake. Nilihesabu nyimbo kwa kidole. Kumi na tatu.

"Na diski yake iko wapi?"

"Iko kwa papa moja wa kambi ya reli, alikuwaka anaendesha treni. Bibi yake njo alinipatiaka hii, juu mashini yabo ya diski hailie tena."

Nilimwachia jalada gumu la michoro yangu ya shule, nililokuwa nalo kwapani, apepee nalo, nikaondoka na langu.

Dereva yule wa zamani alikuwa mzee mrefu, mkimya, aliyezoea kutazama mbali. Santuri aliinunua mwenyewe Ndola, enzi alipokuwa akipeleka treni huko. Alinisikiliza nikieleza matoleo yangu sita, nchi moja baada ya nyingine, kisha akamtazama mkewe.

"Diski nitakupa," alisema. "Lakini mashini yetu ilikufa. Myaka mbili hatusikie. Utengeneze, tusikie mara moja, minye na mama. Kiisha utabeba."

"Mara mbili," alisema mkewe.

"Mara mbili," mzee alikubali.

"Hata mara kumi, papa," nilisema.

Niliitengeneza kwa siku tatu. Mkanda ulikuwa umekatika. Nilikata mwingine kwenye mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, kwa wembe, sawasawa pande zote. Nilichomelea nyaya upya. Hakuna fundi Likasi nzima ambaye angeifanya kazi ile kwa usafi ule, na sisemi hivyo kwa sababu ni mimi.

Jumamosi mchana nikairudisha. Mama, mke wa mzee, alikuwa amevaa kitenge cha sikukuu na viatu. Mzee akawasha resho ya umeme, jiko dogo la kupikia, bila sufuria juu yake, akasimama akiitazama balbu ya darini.

"Papa, resho ya nini?"

"Leo kuran ya umeme iko na kiburi. Ku usini ya mgodi balizima mitambo, kuran yote inakuya huku. Resho inakula ya kwanza, yenye inabakia njo ya mashini. Ngoja ampule ikuwe rangi ya mawese."

Nilicheka. Nilimweleza, kwa adabu lakini kwa kirefu, kwamba umeme hauli wala hauliwi, kwamba mashine ile ina kifaa ndani cha kuilinda, na kwamba rangi ya balbu si kipimo.

"Mwana, ngoja kidogo."

"Papa, minye nilisoma hii kitu myaka ine."

Mama akasema, "Umuache. Iko na diploma."

Nikaichomoa resho, nikaiwasha mashine. Balbu ikawa nyeupe kama jua la saa sita. Santuri ikazunguka, sauti zikatoka, maneno manne labda, haraka haraka kama watoto wanaokimbizana. Kisha harufu, kisha moshi mwembamba, kisha kimya.

Nilianza kueleza. Hakuna aliyeniuliza kitu. Hesabu yangu ilikuwa sahihi kwa nchi ambako umeme unakaa pale ulipowekwa; wale wawili walikuwa wameupima umeme wa Likasi kwa macho, kila siku, tangu mitambo ilipoanza kusimama. Hilo leo nalikubali. Siku ile sikulikubali, tena naona haya kusema kwamba mkono wangu ulikuwa tayari juu ya santuri.

"Uache pale," alisema mama. Alikuwa anavua viatu. "Hatujasikia."

Kesho yake, baada ya misa, nilifunga mashine yangu mwenyewe kwenye baiskeli. Ilikuwa ya Kijerumani, na nilishawaambia watu wengi kwamba haitatoka nyumbani kwangu. Nilisukuma baiskeli kwa miguu mpaka kambi ya reli. Mzee akawasha resho. Tukaitazama balbu watatu, mimi kuliko wao. Ilipofika rangi ya mawese bado sikugusa kitu mpaka mzee alipoitikia kwa kichwa.

Wimbo wa kumi na tatu ulikuwa wa mwisho, upande wa pili. Nitasema ukweli kwa sababu najua muziki: ni wimbo mbaya. Mpiga ngoma anachelewa, na nadhani waliutia kujaza nafasi. Wale wawili waliucheza wameshikana, polepole, mama peku safari hii. Waliucheza mara mbili. Mara ya tatu haikuwa katika mapatano, lakini niliirudisha sindano mwenyewe.

Kisha mzee akaifuta santuri kwa shati lake, akaifunga kwa gazeti, akanipa. Nikainama kuchomoa mashine. Mama akaweka mkono juu ya kifuniko.

"Hii itabakia."

"Mama, hii nilitoka nayo ku Bulaya."

"Na yetu iko wapi?"

Nilimtazama mzee anisaidie. "Umujibu," alisema. "Weye njo mwenye kusoma."

Hivyo nikawa mtu pekee katika Katanga nzima mwenye matoleo yote saba, na nasema pekee kwa sababu sijamsikia mwingine. Niliyapanga chini ya diploma. Nikakaa. Nikasimama. Nikayapanga kwa nchi, halafu kwa rangi ya majalada, halafu kwa nchi tena. Mke wangu aliuliza kama sasa nitatulia, nikamwambia anyamaze, nikatoka nje, nikarudi.

Siku ya nne nilitia santuri zote saba kwenye mfuko nikaenda kambi ya reli. Nilimwambia mzee nimepita tu, kuangalia kama mashine imewekwa mahali pazuri.

"Iko bien, iko muzuri," alisema, akiutazama mfuko. "Leo umeleta inchi gani?"

Nikatoa Ureno. Mama alikuwa ameshaanza kusogeza viti.