Habari Nilizozipeleka Madunguni

Kwetu Mbuchi, mpunga ukishatoa masuke wanawake wanahamia shambani. Wanakaa juu ya dungu, kijumba cha miti chenye miguu mirefu, wanaamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga, tangu alfajiri mpaka jua lizame. Anayeshuka akaondoka siku mbili tu, anarudi kukuta makapi.

Mimi ndiye niliyefika kidato cha nne katika rika langu, na simu yangu ndiyo iliyopokea ujumbe wa kundi la ukoo. Kazi ya kupeleka habari niliichukua mwenyewe, hakuna aliyenituma. Kila Jumatano nilisimama kwenye tuta katikati ya madungu nikasoma kwa sauti: mjukuu wetu kafaulu kidato cha sita, binti wa Kibiti kaenda Umra, kijana wa Umwe kahamia Mwanza na keshajenga. Vigelegele vikaniteremkia kutoka juu.

"Redio imefika!" shemeji yangu mmoja hupaza sauti. "Leo uanze na ya kwetu, shemeji. Kila siku unatuweka kiporo!"

"Wenu hajafaulu kitu, nisome nini?"

Wakicheka, nami nacheka. Niliipenda raha ile kuliko ninavyopenda kukiri.

Dada yangu mkubwa alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kiume, fundi wa mitambo ya meli kule Tanga. Asubuhi moja ya Jumatano kijana huyo alinipigia, sauti imemkauka.

"Mjomba, nimelazwa, wiki ya pili sasa. Usilitangaze. Mwambie mama peke yake. Nataka aje."

Nikamuuliza na kazini je. Akasema kabla hajaugua walikuwa wamempa usimamizi wa mafundi wenzake. Nikamwambia avumilie, mama yake yuko dunguni na mpunga umebakiza wiki tatu. Wazee wetu hawakupeleka habari nzito shambani, walingoja mavuno yaingie ndani. Hivyo ndivyo nilivyomweleza.

"Haya, mjomba," akasema. Hakubishana.

Siku hiyohiyo nikasimama tutani nikatangaza kwamba mpwa wangu kawa msimamizi wa mafundi. Dada akainuka juu ya dungu lake, akavua kanga ya begani akaipunga, akapiga vigelegele mpaka ndege wakaruka mashamba ya jirani.

"Mmesikia? Wangu huyo!"

Ningeweza kupanda ngazi nikamwambia lile jingine sikioni. Ngazi yenyewe ilikuwa na vipago vitano. Nikaenda zangu nyumbani.

Mila ile ilikataza kilio ndani ya mpunga. Haikunikataza mimi kukaa dunguni kwake ili yeye asafiri. Mikono ya kurushia kombeo ninayo. Jambo hilo halikunijia kichwani hata mara moja, kwa sababu nilikwisha kuzoea kuwa mtu wa kupokelewa kwa shangwe, na mtu wa namna hiyo hajifikirii kukaa juani akifukuza ndege.

Mpwa wangu alifariki siku ya tisa baada ya simu ile. Wenzake wakamzika hukohuko. Ndipo nilipopanda ile ngazi.

Dada alinisikiliza mpaka mwisho, kombeo limemlalia mapajani. Kisha akauliza, "Ulijua lini kama anaumwa?"

"Jumatano ile."

"Ile ya usimamizi?"

"Ndiyo, dada."

"Aliniita?"

"Alikuita."

"Nami nikapiga vigelegele," akasema.

Alishuka, akaenda nyumbani, hakurudi msimu ule. Ndege wakaumaliza mpunga wake. Sikwenda kuuamia hata wakati huo. Niliona aibu kuonekana pale juu.

Mwaka huu amerudi shambani. Kundi la ukoo halijanyamaza, watu wanafaulu, wanasafiri, wanaoa. Wiki iliyopita nilikwenda tutani na habari ya mtoto wa mdogo wetu wa Umwe aliyepata nafasi chuoni. Nikasoma. Hakuna aliyeniita redio. Shemeji yangu akajishughulisha na kombeo lake.

Dada ndiye aliyejibu, bila kugeuka.

"Na lipi umelibakiza?"

"Hakuna, dada. Ni hilo tu."

Nilikuwa nasema kweli. Aliendelea kufukuza ndege, wala hakuniamini.